Pampu ya Taraben

Kama kuna mtu Kariakoo aliyestahili kuitwa tajiri bila kuwa na kitu, basi ni Khalfani fundi redio. Alikuwa na kibaraza. Si chumba, si duka, kibaraza tu cha saruji mbele ya duka la mzee Vasant, Mtaa wa Sikukuu, penye kivuli kutwa nzima na waya wa umeme uliopitishwa dirishani kwa idhini ya mzee huyo huyo, mwenye nyumba. Hapo ndipo palipokaa meza yake, pasi yake ya kulehemu, makopo ya skrubu, na redio za watu zilizopasuliwa matumbo. Alitoka Lindi kijana mwembamba, akaomba akae pale siku moja tu amalizie redio ya mteja, na siku hiyo moja ikawa haina jioni. Mgambo wakipita, mafundi wenzake wanabeba meza kichwani na kutimua mbio. Yeye anawatazama huku anapuliza chai yake. Ungemuuliza Khalfani anaogopa nini duniani, asingekutajia kifo wala kaburi. Angekutajia siku ya kuambiwa atoke kwenye kibaraza.

Mzee Vasant mwenyewe aliuza vipuri vya redio, na alikuwa na ugonjwa alioupata miaka ile ya uhaba, sabuni ilipokuwa ikipatikana kwa kujuana. Ugonjwa wenyewe ni neno moja: hakuna. Betri? Hakuna. Spika? Hakuna. Nyuma yake rafu zimejaa mpaka zinapinda, yeye anakutazama usoni bila kupepesa na kukwambia hakuna. Kilichokuwepo alikisema kwa kunong'ona, akiinama chini ya kaunta, kwa mtu anayemtaka. Basi Khalfani akawa kama mkalimani wa duka. Mteja akitoka amekunja uso, anamwita: "Njoo wewe. Kasema hakuna kwa sauti kubwa?" "Ndiyo." "Basi kipo. Rudi, msalimie vizuri, ongea polepole." Na kweli, mteja anatoka na kipuri chake kimefungwa kwenye gazeti. Mtaa mzima ulijua kwamba hakuna anayemwelewa Vasant kama Khalfani. Hilo likumbukeni.

Halafu mambo yakafunguliwa. Ruksa hii, ruksa ile. Wengine ruksa iliwaletea mafuta ya kula na mabati. Mtaa wetu, sijui tulimkosea nani, iliuletea vita vya majini. Ilianza na Ketan, mtoto wa pekee wa Vasant, kijana wa miaka ishirini na ushee, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Baba yake mdogo aliyeko Leicester, Uingereza, alimtumia gazeti lenye picha za wanaume wazima, wenye ndevu zao na vitambi vyao, wanaounda manowari ndogo za kuendeshwa kwa rimoti na kupigana nazo kwenye bwawa. Si mchezo wa kusukumana. Zina mizinga inayotema gololi, zinatobolewa, zinazama kweli.

"Watu wazima hawa?" aliuliza Khalfani.

"Watu wazima, fundi. Mmoja hapa ni daktari wa meno."

Khalfani alicheka mpaka akakohoa. Wiki iliyofuata alikuwa Mchikichini anachambua marobota ya mitumba, anatafuta vigari vya watoto vilivyokatika magurudumu ili avue rimoti zake. Ndivyo tulivyo. Msufi ulitoa mbao laini ya kufunika mbavu za meli. Mirija ya shaba ya friji mbovu ikawa mizinga. Gololi za baiskeli zikawa risasi. Na mtungi mdogo uliojazwa upepo kwa pampu ya baiskeli ukawa ndio baruti. Kazi ya Khalfani ilikuwa roho ya meli: mota, betri, na zile rimoti, alizozitenganisha masafa ili moja isije ikaamrisha meli ya mwenzake. Na pampu. Pampu ilikuwa ile ndogo ya gari, ya kurushia maji kioo cha mbele, akaigeuza ivute maji yaliyoingia tumboni mwa meli na kuyatema nje.

Sheria kubwa ya mchezo ilimshangaza: ngozi ya meli lazima itoboke. Ukiweka mbao ngumu umedanganya, meli yako haiingii majini. Yaani unakaa wiki nzima unapiga msasa na rangi, unachora na tundu la nanga, kwa kusudi la kuja kutobolewa. Awadhi, muuza vipuri vya baiskeli wa jirani, aliyejiteua mwamuzi kwa sababu gololi zote zilikuwa zake, alikuwa akibonyeza mbavu za kila meli kwa kidole gumba kama mama anayechagua nyanya.

Ketan aliunda manowari yake akaipaka bluu, akaiita *Ruksa*. Vasant alisema huo ni upuuzi, hakuna pesa, hakuna mbao, hakuna muda. Alisema kwa sauti kubwa. Mwezi haujaisha naye ana yake, ya kijivu, amekaa nayo chumba cha nyuma anaipangusa kwa leso, jina lake *Taraben*, la mkewe. Mwenye jina aliiangalia mara moja akasema, "Mimi siyo mnene hivyo," akarudi jikoni.

Sasa, ndani ya nyumba hiyo kulikuwa na ugomvi mwingine, nao haukuwa wa mchezo. Yule baba mdogo wa Leicester alimwita Ketan aende akakae kwake, kuna kazi na kuna shule. Ketan akatangaza anaenda. Vasant akatangaza haendi mtu. Asubuhi ugomvi, mchana ugomvi, usiku Taraben anapakua chakula huku mmoja amegeukia ukuta na mwingine amegeukia dirisha. Khalfani alisikia kila neno, maana dirisha la waya wake lilikuwa ndilo dirisha la ugomvi. Na siku moja akasikia neno lililomhusu yeye. Vasant alisimama kwenye kaunta yake, akapiga kofi juu ya mbao, akasema mtaa mzima usikie: "Huyu akienda, mimi nauza! Nyumba nauza, duka nauza, naenda Tanga kwa dada yangu!"

Khalfani aliangusha pasi ya kulehemu ikamchoma paja. Hakuisikia. Nyumba ikiuzwa, anakuja mwenye nyumba mpya. Akija mwenye nyumba mpya, kibaraza kwaheri. Usiku ule alijigeuza kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama ana malaria. "Afadhali ningekuwa nayo," akamjibu.

Aliyekata shauri ni Taraben. Alichoka, mama wa watu. Aliweka sufuria chini akasema: "Mna meli wote wawili. Nendeni mkapigane huko. Ketan akishinda, anaenda Leicester, naye baba yake afunge mdomo. Baba akishinda, Ketan anabaki dukani, naye afunge mdomo. Nataka kula chakula changu kimya." Baba na mwana wakatazamana. Hakuna aliyetaka kuonekana mwoga mbele ya mama. Wakakubali. Siku ikawekwa, Jumapili, kwenye dimbwi kubwa ambalo masika yaliacha kule Jangwani.

Hapo ndipo Khalfani akajikuta kama fundi cherehani anayewashonea wake wenza: kila mmoja anakuja peke yake, kwa siri, anataka la kwake.

Wa kwanza kuja alikuwa Ketan.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mambo?"

"Siyo poa." Akakaa juu ya kindoo, akainamisha kichwa. "Fundi, sitaki kwenda. Nilisema naenda kwa hasira tu, baba aliponiambia sijui kuuza. Sasa nikisema nabaki ataniona nimenywea. Nina mipango mikubwa na hili duka, wewe huijui tu. Chukua *Ruksa*, ubavu wa kushoto uupige msasa mpaka uwe kama ganda la kitunguu. Nitamgeuzia ubavu huo huo."

Khalfani alitaka kumbusu kijana wa watu. Alijizuia, akaitikia kwa uso wa huzuni, kama daktari. Hiyo "mipango mikubwa" ilimpita sikioni kama mbu.

Kesho yake, saa ya kufunga, akaja Vasant. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akaweka *Taraben* juu ya meza imefunikwa kitenge, akainama. Alinong'ona.

"Khalfani. Toa pampu."

"Nini, mzee?"

"Toa pampu. Nje libaki tundu, ndani kuwe hakuna kitu. Ikipigwa izame. Kijana aende zake. Mimi nimekaa dukani humu tangu nina miaka kumi na minne kwa sababu baba yangu alisema kaa. Sitaki kumfanyia yeye. Lakini siwezi kumwambia nenda, nimeshasema asiende. Unanielewa?"

Khalfani alielewa, na macho yalimlengalenga kidogo, maana alimpenda yule mzee. Lakini alikipenda na kibaraza.

"Na duka, mzee? Nyumba?"

Vasant akafungua mdomo ajibu, akainama zaidi, na hapo hapo Taraben akatokea mlangoni na ufunguo. Mzee akajinyoosha kama aliyechomwa sindano. "Nauza!" akapaza sauti. "Nishasema nauza! Naenda Tanga!" Akaingia ndani.

Jamani. Mtu aliyefundisha mtaa mzima jinsi ya kumsikiliza Vasant, aliyewarudisha wateja wangapi sijui kwa kuwaambia "kasema kwa sauti kubwa?", ndiye huyo aliyebaki ameshika kichwa, anaamini kila neno. Hofu ikimkaa mtu masikioni, hasikii tena. Alikaa na zile meli mbili mbele yake, akajipigia hesabu ya haki. Ketan anataka kubaki: hiyo ni haki yake. Taraben mama anataka mwanawe: nani asiyejua. Mzee naye akiachwa mpweke atakufa kwa majonzi huko Tanga. Kwa hiyo kumtii mzee ni kumdhuru mzee. Alipofika hapo alijiona mwema kabisa. Kibaraza hakukitaja hata moyoni, akakipita kama mdeni anavyolipita duka la mdai wake.

Akaupiga msasa ubavu wa *Ruksa* mpaka mwanga wa balbu ukawa unapenya. Kisha akaifungua *Taraben*. Pampu hakuitoa. Alienda kwa wauza vyuma chakavu wa Gerezani akatafuta nyingine, kubwa zaidi, ya lori, akaipachika mahali pa ile ndogo.

Jumapili ilipofika, Jangwani palijaa. Kulikuwa na mkutano wa siasa Mnazi Mmoja, vyama vingi ndiyo kwanza vinaruhusiwa, na watu waliokuwa wakienda kusikiliza sera waliona umati mwingine huku bondeni wakadhani ndio mkutano wenyewe. Mzee mmoja wa kofia alimuuliza Khalfani, "Hiki ni chama gani?" Khalfani akamwambia ni cha upinzani. Mzee akaridhika, akatafuta pa kusimama.

Awadhi aliwarudisha watu nyuma kwa sababu ya gololi, akabonyeza mbavu za meli zote mbili, akaguna kidogo kwenye ubavu wa kushoto wa *Ruksa*, akamtazama Ketan. Ketan akaangalia mawinguni. Kila meli ikafungiwa uzi wenye kizibo, ili ikizama ipatikane. Taraben mwenyewe alikuja, akakaa kwenye kiti cha kukunja na mwavuli, amechukua karanga.

Filimbi ikalia.

Sijui niwaelezeje vita ile. Mmeshaona watu wawili mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake "tangulia wewe"? Ndiyo hiyo, ila na mizinga. *Ruksa* ilikwenda moja kwa moja mbele ya mizinga ya *Taraben*, ikageuza ubavu wa kushoto, ikatulia. *Taraben* ikapiga. Gololi zikaenda kwenye matete. Ikageuka, ikapiga tena. Chura akaruka. Vasant, mtu aliyekuwa akitoboa makopo ya maziwa kwa umbali kila jioni, siku hiyo hawezi kupiga meli iliyosimama.

"Mzee, vaa miwani!" mtu akapiga kelele.

"Mpige Taraben! Mpige Taraben ubavuni!" wengine wakawa wanamhimiza Ketan, na mwenye jina akashusha mwavuli kuwatazama vizuri.

Ketan ilimbidi apige, aibu ilikuwa imemzidi. Akapiga ovyo, na bahati mbaya akapata: matundu matatu chini ya mstari wa maji. Umati ukaguna kwa raha. Vasant akashusha pumzi ndefu, akaweka rimoti kifuani kama mtu aliyemaliza swala, akangoja meli yake izame.

Haikuzama. *Taraben* ilitetema kidogo, ikanguruma, kisha ikatema maji. Si kamchirizi, ni bomba! Maji yaliruka juu yakatua kwenye suruali ya Awadhi. Watu wakashangilia mpaka wale wa Mnazi Mmoja nadhani walisikia. "Taraben hazami! Taraben hazami!" Vasant aliutazama ule mchirizi unavyocheza juani. Kisha aligeuza shingo polepole akamtazama Khalfani. Khalfani akainama kufunga kamba ya kiatu, naye alikuwa amevaa kandambili.

Mzee hakukata tamaa. Kama meli haizami kwa kupigwa, atakimbia, ahesabiwe ameshindwa. Akaivuta *Taraben* kinyumenyume kwa nguvu zote. Ketan naye, kuona mizinga ya baba haina faida, alikuwa ameizungusha *Ruksa* kwa nyuma ili baba akigeuka amkute karibu, ubavu wa kitunguu umemwelekea. Nyuma ya *Taraben* ikaingia katika ubavu huo kama kidole kwenye papai bivu. *Ruksa* ilisema blup, ikalala, ikaondoka. Kikabaki kizibo kinaelea.

"Ruksa imezama!" Awadhi akatangaza, na kwa sekunde moja watu wa siasa wakatulia kutafakari neno hilo.

Ketan aliweka mikono usoni, mabega yanatikisika. Watu wakadhani analia. Vasant alisimama palepale na rimoti yake, mshindi, watu wanampa mikono, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyesomewa hukumu. Khalfani yeye aliruka. Alicheza. Alimkumbatia hata yule mzee wa kofia. Jioni alinunulia kahawa kibaraza kizima, akakaa kwenye kiti chake, akaegemea ukuta wake, akapitisha kiganja juu ya saruji yake iliyo bado na joto la mchana, na moyo wake ukajaa furaha mpaka akaona aibu.

Ketan akabaki. Mama akala chakula chake kimya. Na kijana alipoona amebaki kwa heshima, si kwa kubembeleza, akaanza ile mipango yake mikubwa. Kwanza akapaka duka rangi. Kisha akaagiza mzigo wa Dubai: redio mpya, nyepesi, za kung'aa, ambazo hata bisibisi hazina pa kuingilia. Kisha wakaja mafundi na mikanda ya kupimia. Duka litasogezwa mbele mpaka barabarani, litakuwa na kioo kizima na alumini, mteja aone vitu akiwa njiani.

"Fundi, naomba usinifikirie vibaya," Ketan alimwambia, na alikuwa mnyonge kweli, kijana yule hakuwa na roho mbaya. "Kioo kinapita hapa hapa kwenye meza yako. Na siku hizi watu hawatengenezi, wananunua. Lakini wewe ni ndugu yetu. Bila wewe nisingebaki."

"Kweli," alisema Khalfani. "Bila mimi usingebaki."

Alikusanya makopo yake ya skrubu. Alilia, sitaficha, alilia mbele ya Awadhi na wapita njia. Kisha akaingia ndani kumtafuta mzee.

Vasant alikuwa kwenye kiti cha nyuma ya duka jipya, hana kazi, kaunta yake imeshatupwa. *Taraben* ilikuwa mapajani mwake, anaipangusa. Ketan alitaka kuiweka dirishani ivute wateja.

"Mzee," alisema Khalfani, "nakuuliza kitu kimoja tu. Ketan angeenda, kweli ungeuza?"

Vasant aliweka leso chini. Hakukuwa na mtu mwingine ndani, na bado aliinama.

"Umekaa mlangoni kwangu miaka yote hii," alinong'ona. "Nikipiga kelele, huwa nasema nini?"

Khalfani alipatazama mahali palipokuwa na kaunta.

"Ketan angeenda, tungebaki mimi na wewe. Mimi ndani, wewe nje. Nilishapanga kukuongezea meza iingie mpaka humu, macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, nataka mtu. Nani angeuza?" Akakipapasa kile kitundu cha pampu kwa kidole gumba, na nje mafundi wakaanza kuupiga nyundo ukingo wa kibaraza.

"Nilikwambia utoe pampu, Khalfani."